Majaketi okozi yanayouzwa Tanga: lipi la kuingia nalo kwenye mto wa kasi?

Duka la zana za uvuvi Tanga, liwe la Ngamiani au la kule karibu na mwalo wa Deep Sea, halikosi jaketi okozi la rangi ya chungwa: vipande vinene vya sponji kifuani, kola kubwa shingoni, mkanda mmoja kiunoni. Hununuliwa na wavuvi, wenye boti za kupeleka wageni kisiwa cha Toten na akina mama wa mwani. Siku hizi hununuliwa pia na vijana wanaojiandaa kwenda Jinja (Uganda) au Sagana (Kenya) kupanda rafti, yaani boti la mpira la kushukia mito ya kasi, na wale wanaotaka kushusha kayaki, kimtumbwi chembamba cha kupiga kafi, mto Zigi masika yakishapita. Hao wa mwisho wakiambiwa na muuzaji kwamba jaketi ni jaketi tu, wasikubali. Hapa tunapitia aina nne, zile za madukani na zile za kuagiza, tukiuliza swali moja: kwenye maji ya kasi yenye mawe, jaketi hili litamsaidiaje aliyelivaa?

Jaketi la baharini limebuniwa kwa mtu anayesubiri. Boti imezama, watu wako majini, msaada unaweza kuchukua saa nyingi. Kazi ya jaketi ni kumlaza chali hata akiwa amezimia, pua na mdomo vikae juu ya maji. Kola kubwa iko pale kwa sababu hiyo.

Mtoni hakuna kusubiri. Ukidondoka kwenye rafti maji yanakuchukua papo hapo, na aliyeko ukingoni hawezi kukufuata akikimbia juu ya mawe. Sekunde chache ndizo zinazoamua kama utaogelea hadi kwenye maji tulivu nyuma ya jiwe au utaingia poromoko linalofuata. Kwa hiyo mikono iwe huru, na jaketi lisihame mwilini. Tena, maji yanayotoa povu jeupe yamejaa hewa, na maji yenye hewa nyingi hayabebi mwili sawasawa. Ndiyo maana hata mwenye jaketi zuri huzama kichwa kizima chini ya poromoko kisha huibukia mbele yake. Namba iliyoandikwa kwenye lebo imepimwa kwenye maji yaliyotulia.

Namba hiyo huandikwa kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni nguvu ya kubeba takriban kilo 1. Mtu mzima akiwa ndani ya maji hubaki na uzito wa kilo 5 hivi tu, kwa sababu maji yenyewe yanambeba, na hapo ndipo kiwango cha nyutoni 50 kinapoeleweka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 kinaanzia nyutoni 50 kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, kisha 100, 150 hadi 275 kwa bahari kuu. Majaketi mengi ya kayaki yako kati ya nyutoni 50 na 75. Ya abiria wa rafti kwenye mito mikubwa hufika karibu na 100, maana abiria hana ujuzi wa kujiokoa na maji ni mengi zaidi.

Tuanze na lile la chungwa. Likiwa zima na halikughushiwa, huelea vizuri, pengine kuliko mengine yote ya sponji tutakayoyataja. Tatizo lake ni kukaa mwilini. Ubavuni liko wazi, halina mkanda wa kulibana, na ule mmoja wa kiunoni hupita juu ya nguo bila kushikiliwa na kitu. Mkondo unapokuvuta kwa chini, jaketi linapanda. Sponji zinafika masikioni, kidevu kinazama ndani ya jaketi, mikono inanyanyuliwa juu na huwezi tena kuogelea kwa kifua. Kola nayo inasukuma helmeti kutoka nyuma hadi inafunika macho.

Halafu kuna mabega, na hapa ndipo hukumu yangu inapokuwa kali. Mtu aliyeanguka kwenye rafti hurudishwa kwa kuvutwa mabegani. Anayeokoa anapiga magoti, anabana mapaja kwenye ukingo wa rafti, anashika mabega mawili ya jaketi na kujiangusha nyuma kwa uzito wake wote. Kilo 80 za mtu aliyelowa zinaning'inia kwenye mabega ya jaketi. Ligeuze lile la chungwa uone: begani pana kitambaa tu kilichopigwa mstari mmoja wa uzi, hakuna utepe unaotoka mbele ukazunguka hadi mgongoni. Ama mshono unachanika, ama jaketi linamvuka mtu kichwani na anayeokoa anabaki nalo mkononi. Kwa ngalawa na boti, uwe nalo. Kwa rafti na kayaki mtoni, halifai, na bei yake ndogo haibadilishi neno hilo.

Suala la kughushi halina mzaha. Januari 2016 polisi wa Uturuki walivamia karakana moja huko Izmir iliyokuwa ikishona majaketi ya bandia yaliyojazwa vitu vya kufungashia bidhaa, yakauziwa wakimbizi wanaovuka bahari. Jaketi la namna hiyo kwa nje halina tofauti na la kweli. Usiridhike na lebo. Bonyeza sponji kwa dole gumba kwa nguvu kisha uachie: sponji nzuri ya vitundu vilivyofungwa hurudi yenyewe polepole bila kuacha kovu. Likibaki bonde, au ukisikia mlio mkavu wa kukwaruza wa lile sponji jeupe linalofungiwa friji na televisheni, achana nalo. Sponji la godoro ndilo baya kabisa, kwa kuwa linanyonya maji.

Kipimo cha uhakika ni mchanga, na kinafanyika nyumbani. Chukua mchanga mkavu kilo 8 na robo. Uwe mkavu kweli, uanikwe juani, kwa sababu mchanga mbichi unabeba maji na mizani itakudanganya. Utie kwenye mfuko wa sandarusi, ufunge mdomo, uutumbukize kwenye pipa kubwa au tangi la maji ya bomba na uutikise hadi mapovu yakome. Funga jaketi vifungo vyote, ninginiza mfuko chini yake, achia. Ndani ya maji mchanga hupoteza uzito unaolingana na maji uliyoyasukuma, kwa hiyo kilo 8 na robo hubaki na mvuto wa kilo 5 na kidogo, ambao ndio nyutoni 50. Jaketi likibaki juu, hata kama limelowa hadi usawa wa maji, limefaulu. Kwa jaketi lililoandikwa nyutoni 70 tumia kilo 11 na nusu. Kwa 100, kilo 16 na nusu. Usipimie Raskazone, maana chumvi ya bahari inalisaidia jaketi na utapata jibu la kupendeza lisilo la mtoni.

Kisha liache limezama saa 24 nzima, ulikandamize kwa jiwe, urudie kipimo kilekile. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kuhusu majaketi ya melini haziruhusu nguvu ya kuelea ipungue zaidi ya asilimia 5 baada ya saa hizo 24 kwenye maji yasiyo na chumvi. Nyumbani hutapima asilimia, lakini jaketi lililobeba mchanga jana na leo limekwenda nao chini limekwisha kujieleza.

Aina ya pili ni vesti ya boti za kasi na pikipiki za majini. Utaiona kwa wauzaji wachache mjini na kwa wanaoleta mizigo kutoka Dar es Salaam. Ina mikanda mitatu au minne ya kifuani yenye vifungo vya kubana, inakumbatia mwili pande zote, na nyingi zimeandikwa nyutoni 50. Kati ya vinavyopatikana bila kuagiza ng'ambo, hiki ndicho ninachokipa alama nzuri. Haipandi ovyo, na mikanda ile huzunguka hadi mgongoni, kwa hiyo kuna cha kushika.

Kasoro zake zinajulikana. Ni ndefu: ukikaa kwenye kayaki, ukingo wake wa chini unagonga kiti na vesti yote inasukumwa juu hadi kidevuni. Kwenye rafti, ambako unakaa ukingoni miguu ikiwa ndani, tatizo hilo halipo sana. Makwapa yake ni membamba, na baada ya saa moja ya kupiga kafi ngozi ya ndani ya mkono inachubuka; vaa fulana ya mikono mirefu inayobana. Zile za zipu peke yake bila mikanda ziache. Punje za mchanga zikiingia kwenye meno ya zipu, siku moja itagoma kufunga, au mbaya zaidi itafunguka. Na soma lebo vizuri: kuna vesti zinazofanana nazo kabisa, za kukinga mbavu tu kwa wanaoteleza nyuma ya boti, ambazo hazina nguvu yoyote ya kuelea iliyothibitishwa. Kama hakuna nyutoni wala kilo za mvaaji kwenye lebo, chukulia ni hiyo.

Aina ya tatu haitaki maneno mengi. Ni yale majaketi membamba ya gesi yanayovimba yenyewe, yenye kopo la gramu 33 za kaboni dayoksaidi kwa jaketi la nyutoni 150. Kwa nahodha wa boti baharini ni kifaa kizuri. Kwenye rafti, maji ya wimbi la kwanza yanayeyusha kidonge cha kifyatulio, jaketi linavimba ukiwa bado umekaa, na kuanzia hapo huwezi kupiga kafi. Likigusa jiwe lenye makali, limetoboka, na kopo la pili huna.

Ya nne ndiyo vesti ya mtoni yenyewe. Haipo rafuni Tanga; ni ya kuagiza. Majina yanayoaminika na wapiga kayaki ni NRS ya Marekani, Palm ya Uingereza na Astral ya Marekani, na huko kwao bei huanzia dola 100 hivi na kuvuka 300 kwa zile za uokozi, kabla ya usafiri na ushuru. Ni fedha nyingi. Lakini iangalie kwa karibu uone unalipia nini. Mkato ni mfupi, unaishia juu ya kiuno, ili isigongane na sketi ya kayaki, kile kifuniko kinachovaliwa kiunoni kuzuia maji yasiingie kayaki. Sponji nene iko kifuani na mgongoni, ubavuni ni nyembamba, na makwapa yamekatwa wazi hadi bega linazunguka bila kukwama. Utepe wa milimita 25 unaanzia kiunoni mbele, unapanda begani, unashuka mgongoni bila kukatika, na penye makutano umeshonwa kwa uzi uliorudiwa mara nyingi mahali pamoja. Hapo ndipo mkono wa mwokoaji unaposhika. Sehemu za kurekebisha huwa nne hadi sita.

Zile za dola nyingi zaidi zina mkanda mpana wa kifuani unaofunguka kwa kuvuta kipira kimoja, na pete mgongoni ya kufungia kamba. Mkanda huo ni wa kazi ya uokozi: mtu aliyefungwa kamba anaruka majini kumfuata mwenzake, na ikibidi anajiachilia kwa mvuto mmoja. Kwa asiyefundishwa ni mtego. Mkanda ukipitishwa kwenye kibati cha chuma kilichoko nyuma ya vesti unashikilia zaidi, na kwa mtu mwepesi au kwenye mkondo mdogo unaweza kugoma kuachia. Ncha ya mkanda ikifungwa fundo ili isining'inie, haitapita kabisa. Nunua vesti ya kawaida bila mkanda huo, na tofauti ya bei nunulia helmeti ya mtoni na mfuko wa kamba ya kurusha ya mita 15 hadi 20, kamba inayoelea. Hivyo vitaokoa watu wengi zaidi kuliko pete ya mgongoni.

Anayekwenda Jinja kwa siku moja tu hana haja ya kununua chochote, kwa kuwa kampuni za rafti hutoa vifaa. Nile pale inatoka Ziwa Victoria na maji mengi sana mwaka mzima. Ingawa mabwawa ya Bujagali (2012) na Isimba (2019) yamefunika sehemu ya maporomoko, yaliyobaki yana nguvu ya kumshikilia mtu chini kwa sekunde anazozihesabu. Dai jaketi la rafti lenye sponji nene, usichague jembamba kwa sababu linapendeza pichani. Kagua vifungo vyote kabla hujaondoka ukingoni. Kifungo cha plastiki kilichopauka na kuwa na nyufa nyeupe kwenye mabawa yake kirudishe hapohapo.

Kuvaa nako kuna utaratibu, na wengi wanaukosea kwa kuanzia juu. Legeza mikanda yote, vaa, funga. Kaza wa kiunoni kwanza, kisha wa mbavuni, mabega yawe ya mwisho. Ukianza na mabega unaivuta vesti yote juu na mkanda wa chini unakosa mahali pa kukaa. Halafu mwenzako asimame mbele yako, ashike mabega mawili na kunyanyua kwa nguvu. Ikipanda hadi puani au masikioni, ni kubwa au imelegea. Ipime ukiwa umekaa pia. Iwe imebana kiasi kwamba unapumua vizuri lakini vidole viwili tu ndivyo vinapita chini ya mkanda. Sponji ikishalowa na nguo ikishakaa, kaza tena. Vesti iliyofungwa vizuri nchi kavu hulegea baada ya dakika kumi majini.

Ukubwa huchaguliwa kwa kipimo cha kifua kwa watu wazima, na kwa uzito wa mwili kwa watoto. Mtoto asivalishwe ya mtu mzima iliyokazwa kwa kamba, na ya kwake iwe na mkanda wa kupita katikati ya mapaja. Kwa dada zetu wanaovaa hijabu, mtandio mfupi unaobana wa kuogelea ukae chini ya helmeti na ncha zake ziingizwe ndani ya jaketi. Mtandio mrefu, kanga au kikoi juu ya jaketi ni kitu cha kunasa kwenye tawi. Kila kinachoning'inia kinakatwa au kinachomekwa, pamoja na mikia ya mikanda yenyewe. Filimbi ifungwe begani, ile isiyo na kokwa ndani, maana kokwa ikilowa hukwama. Rangi iwe ya chungwa, manjano au nyekundu. Bluu na kijani hupotea kwenye maji.

Kuna mambo ambayo hakuna jaketi linaloyaweza. Halimfukuzi mamba, na mito ya Pangani na Wami yote ina mamba. Wami una viboko pia. Halimtoi mtu kwenye maji yanayoanguka juu ya ukuta ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kuwa hapo maji ya juu yanarudi ukutani na kumzungusha, na jaketi linamshikilia palepale juu ya mzunguko. Halimnasui aliyesimama akabanwa mguu kati ya mawe: maji yakivuka goti, usisimame, lala chali miguu ikitangulia. Na sehemu ya Pangani kuanzia Hale kushuka ina mitambo ya umeme ya Hale, iliyojengwa 1964, na New Pangani Falls ya 1995. Kina cha maji hapo hubadilika kwa uendeshaji wa mitambo hata kama hakuna mvua, kwa hiyo usishushe kayaki bila kuuliza wanaohusika.

Matunzo ni mafupi. Suuza kwa maji ya bomba kila ukitoka, hasa ukitoka baharini, anika kivulini kwenye hanga nene. Jua la Tanga linakula nailoni: kitambaa kikipauka, kwaruza kwa ukucha, kikitoa unga au nyuzi zikikatika, jaketi limezeeka hata kama sponji ni nzima. Usilikalie kama mto wa kiti, usilifungie kwenye buti ya gari mchana, usilikaushe kwenye jiko. Joto na uzito hukandamiza sponji na haivimbi tena. Rudia kipimo cha mchanga kila mwaka kabla ya msimu.

Unapoagiza, mpe muuzaji kipimo cha kifua kwa sentimita na uzito wako, na umtake picha ya lebo ya ndani, siyo ya mbele ya jaketi. Lebo iwe imeshonwa, ionyeshe nyutoni, uzito wa mvaaji, namba ya kiwango na namba ya toleo. Omba na picha ya bega likiwa limegeuzwa nje ndani, utepe na mshono wake vionekane. Asipozituma hizo mbili, usimtumie pesa.